Köln kwa Chupa Tupu

Wapendwa wangu wa Msambweni,

Mama, kabla hujauliza: naam, ninakula, naam, nimevaa soksi pea mbili, na la, sijapata mchumba. Barua hii sikupanga kuiandika wiki hii, lakini kuna jambo ambalo nikilikalia peke yangu nitapasuka. Ijumaa hospitalini sikuwa na zamu, nikaenda kutembea Köln, mji ambao Warumi waliupa hadhi ya koloni mwaka 50, na chakula changu cha mchana kimelipiwa na takataka.

Ngojeni nieleze, maana naiona sura ya Mjomba kutoka hapa.

Huku ukinunua soda ya mkebe au maji ya chupa ya plastiki, juu ya bei unatozwa amana ya senti 25. Ukiirudisha chupa, unarudishiwa pesa. Euro moja mwaka 2025 ilikuwa karibu shilingi 150 za Kenya, kwa hivyo chupa tupu ni zaidi ya shilingi thelathini na tano, imesimama kando ya pipa la taka, haina mwenyewe. Nasema kando, si ndani: watu wenye adabu zao huiacha nje ili mwokotaji asitumbukize mkono kwenye uchafu. Kijana mmoja wa Köln alibuni hata bangili ya chuma ya kulivisha pipa, yenye matundu ya kusimamishia chupa. Mimi, mwanafunzi wa uuguzi, niliyeagwa kwa dua na pilau, nikaangalia kulia, nikaangalia kushoto, nikaokota.

Sasa mashine. Hukaa karibu na mlango wa supamaketi, na ina tundu la duara kifuani. Unaitia chupa kitako kwanza. Mkanda unaivuta, inalazwa, inazungushwa, na jicho la taa linaikagua kutafuta alama yake ya usajili. Ikiridhika, unasikia huko ndani ikipondwa. Isiporidhika, chupa inakurudia taratibu bila neno. Iliyobonyea, inarudi. Iliyobanduka karatasi, inarudi. Iliyonunuliwa Uholanzi, ambako si mbali na hapa, inarudi. Mama, hata chupa ina pasipoti! Niliipokea ile ya Uholanzi nikaionea huruma, maana mimi mwenyewe kabla ya kuja nilizungushwa vivyo hivyo: cheti cha kuzaliwa kiko wapi, mhuri mbona umefifia, cheti cha Kijerumani ni cha kiwango gani, na kwa nini unacheka kwenye picha.

Nyuma yangu foleni ikarefuka. Alikuwapo bibi mmoja na mfuko wake wa chupa uliopangwa vizuri kuliko kabati langu. Hakusema kitu, alishusha pumzi tu. Mjerumani akishusha pumzi, hiyo ni hotuba nzima. Kisha akaniashiria: ile iliyobonyea, ipulize. Basi nikasimama mbele ya kadamnasi nikiipulizia chupa niliyoiokota barabarani mpaka ikajaa tumbo, mashine ikaikubali. Mwalimu wetu wa somo la usafi asije akaiona barua hii. Mwisho unabonyeza kitufe, unapewa kikaratasi, unakipeleka kwa keshia. Euro 3 na senti 25. Nilipata mkate, maziwa na ndizi, chenji ikabaki.

Mtasema hilo si geni, na mtakuwa mmesema kweli. Dukani kwetu ukiondoka na soda ya chupa ya kioo, unaacha pesa ya chupa. Lakini mwenye duka wetu haikagui chupa, anakukagua wewe. Anajua u mtoto wa nani, na kama hukuacha pesa atamwambia Shangazi sokoni, mbele za watu, kwamba chupa za sikukuu ya Idi hazijarudi. Mashine hii inaujua usajili wa kila chupa ya Ujerumani, na mimi hainijui wa nani. Sijui kwa nini hilo liliniuma, jambo lenyewe dogo hivyo.

Kuhusu nauli msihofu. Ipo tiketi ya mwezi, mwaka 2025 ilikuwa euro 58, unapanda nayo basi, tramu na treni za mikoani nchi nzima, ila zile za kasi usizisogelee. Ukishailipa, huna budi kusafiri mpaka uione imejilipa. Na hapa Wuppertal ninapokaa, safari ya kwenda stesheni peke yake ni utalii. Treni yetu ya mjini inaning'inia. Tangu 1901 magurudumu yako juu, behewa liko chini yake, na chini ya behewa unapita mto Wupper. Mnazijua zile ngazi za kamba zilizotundikwa juu ya barabara ya Diani, mbega wavuke bila kugongwa na matatu? Wajerumani waliwatangulia mbega. Mwaka 1950 watu wa sarakasi walimpandisha humo mtoto wa ndovu, aitwaye Tuffi, kwa ajili ya matangazo. Akataharuki, akavunja ubavu wa behewa, akaanguka mtoni, na akatoka na mikwaruzo tu. Wenzangu kazini walinisimulia wakidhani nitashangaa ndovu kupona. Niliwaambia kwetu Kwale tuna Shimba Hills na Mwaluganje; kinachonishangaza ni ndovu kukatiwa tiketi.

Köln yenyewe ukitoka tu stesheni, kanisa kuu limekusimamia usoni. Mita 157. Niliingia bure, na neno hilo nimejifunza kulisoma kwa Kijerumani kabla ya mengine yote. Nyinyi mlioilalamikia barabara ya Dongo Kundu kwamba inachelewa, ombeni radhi: kanisa hili lilianzwa 1248 na kumalizwa 1880. Katikati hapo kazi ililala, na kreni ya mbao ikabaki juu ya mnara ambao haujaisha kwa karibu miaka 400. Vizazi vinazaliwa na kuzikwa, kreni ipo pale pale. Mkandarasi wa namna hiyo kwetu angeshagombea ubunge.

Nilikuwa nimevaa kofia yangu ya mkono, ile aliyonishonea Shangazi, kwa kuwa ni Ijumaa. Mlangoni kuna mabawabu wenye majoho mekundu. Mmoja akanitazama, akagusa kichwa chake kwa upole. Nikadhani ananisalimu, nami nikagusa changu. Akagusa tena. Nikagusa tena. Tuliendelea kuheshimiana hivyo mpaka mama mmoja mtalii akaninong'oneza kwamba humu wanaume huvua kofia. Kwetu kwenye Kaya Kinondo mgeni haingii msituni ila amefungwa kaniki, na msikitini tunavaa kofia na kuvua viatu. Hapa kofia mkononi, viatu miguuni. Nikavua.

Ndani kuna sanduku kubwa la dhahabu linalosemekana kuwa na mifupa ya Mamajusi watatu, iliyoletwa kutoka Milan mwaka 1164. Lakini mimi nilikaa zaidi chini ya dirisha moja la mwaka 2007, kazi ya mchoraji Gerhard Richter: vipande vya vioo 11,263 vya rangi mbalimbali, hakuna picha ya mtu wala malaika. Kadinali wa wakati huo, Meisner, hakulipenda, akasema lingefaa zaidi msikitini. Jua lilipopenya, rangi zikanimwagikia kwenye jaketi langu la mtumba. Kwa maoni yangu kadinali alitusifu bila kukusudia.

Mnara una ngazi 533 na tiketi yake. Nikautazama kutoka chini, unaonekana vizuri sana.

Hapo nje ndipo aliponijia kijana mwenye vikaratasi vya safari za meli mtoni Rhine. Alikuja kwa ubavu, tabasamu mbele, "Rafiki, umetoka nchi gani?" Mjomba, tabasamu lile nalijua, nilikuwa nalivaa kila asubuhi pale bichi Diani, nikiwauzia wageni safari za Wasini na za boti yako ya kioo. Alinisifia hali ya hewa, ambayo kwa wakati huo ilikuwa manyunyu. Akashusha bei kabla sijaomba. Nami nikasikia mdomo wangu ukisema yale maneno tuliyokuwa tukiwalaania wazungu mpaka jua linatua: "Labda kesho." Akanikata jicho. Jicho lile pia ni langu.

Nikaswali Ijumaa kwenye msikiti mkuu wa Ehrenfeld, wenye kuba la zege na vioo na minara miwili ya mita 55. Tangu Oktoba 2022 wanaruhusiwa kuadhini kwa vipaza sauti vya nje, kwa masharti: Ijumaa tu, dakika zisizidi tano, na sauti ikiwafikia majirani isipite desibeli 60. Bibi, desibeli 60 ni wewe ukimwita kuku. Nilisimama ng'ambo ya barabara makusudi niisikie, magari yakapita, yakaimeza nusu. Nilikumbuka alfajiri ya kwetu, huyu mwadhini hajafika katikati, yule wa pili ameanza, wa tatu kipaza sauti kinakoroma, na mimi najifunika shuka nikilalamika kwamba hakuna usingizi Msambweni. Usingizi huku ninao mwingi. Chukueni mwingine, nitawatumia.

Baada ya swala, si kabla, maana kwa spiriti iliyomo kwenye marashi Ustadhi wetu angenisomea, nilikwenda mtaa wa Glockengasse kwenye nyumba ya marashi ya 4711. Namba ile ni ya nyumba, ilipigwa mwishoni mwa karne ya 18. Ndani ya duka kuna chemchemi inayotoa marashi badala ya maji, bure. Watalii wengine walichovya kidole kimoja, wakanusa, wakatabasamu. Mimi nimelelewa kwenye nyumba za udi na asumini. Nilianza na viganja, nikaenda shingoni, nikamalizia kwenye kola, na muuzaji akaja kusimama karibu kwa ajili ya ulinzi. Kwenye treni ya kurudi aliyekaa nami alihamia behewa jingine.

Kabla ya kupanda treni nilikuwa nimevuka Rhine kwa miguu, bure, kama tunavyovuka Likoni, isipokuwa hapa ni daraja na hakuna wa kukuuzia korosho. Ukingo mzima wa daraja la Hohenzollern umefungwa makufuli. Wapenzi huandika majina yao, hufunga, ufunguo hutupa mtoni. Shangazi, makufuli mazuri, mapya, maelfu kwa maelfu, na banda letu la mbuzi linafungwa kwa kamba ya mkonge.

Sasa la maana. Mwuguzi mwenzangu, Mjerumani, anakuja Diani mwezi wa Desemba, na bajeti yake ni nyembamba kuliko yangu. Ameiandika kwenye daftari. Hata dafu lina mstari wake. Nimempa orodha ya vya bure: ufuo, mbega, feri ya Likoni kwa miguu, Msikiti wa Kongo kwa nje. Mama, yeye mlishe wali wa nazi na samaki, asije akarudi kunisimulia kwamba kwetu alikula biskuti. Mjomba, atafika kwenye boti, ataitazama, ataizunguka, atasema labda kesho. Usimlaani. Keshoye akirudi, mtajie bei ile ya juu kabisa, ya Krismasi, maana kupatana bei nimemfundisha mimi mwenyewe, na nataka kujua kama amehitimu.

Ni mimi mwanenu,
Wuppertal