Marudio ya Kifaransa

Kijana wetu wa Katoro kaacha karasha la kusagia mawe ya dhahabu, sasa anasaga Kifaransa. Jana kaja amenuna. Eti kitenzi cha kwenda, “aller”, hakina msimamo: mimi “je vais”, sisi “nous allons”, kesho “j’irai”. Kitenzi kimoja, mizizi mitatu!

Pole, mwanangu. Mgeni akisema “kuja hapa”, si wewe unayemcheka, ukimsahihisha “njoo”? Nako “kwenda”, si ukimwamuru mtu kunageuka “nenda”? Hapo hukulalamika.

Wachimbaji wa Geita mchanga uliokwisha kuoshwa hawautupi. Wanauita marudio, kwa kuwa dhahabu bado imo. Wewe umesoma ukurasa mara moja, ukalala, umeamka unatangaza shimo halina mali.