Mwulize Bibi wa Barazani: Mbwa wa Mwenyewe, Nyasi za Mwenzake

Wiki hii mfuko wa barua umekuja mzito, na karibu zote zimetoka mtaa wa Tudor, Mombasa. Nilipozisoma mara ya kwanza nilidhani ni kesi mbalimbali. Nilipozirudia nikaona zote zinazunguka ukuta mmoja. Majina ya watu nimeyaficha, na la mbwa nimelificha pia, maana yeye ndiye pekee ambaye hakuandika. Atakayejitambua na ajitambue kimyakimya.

*Assalaam aleikum Bibi. Mbele ya nyumba yangu nina kiwanja kidogo nilichopanda ukoka, nikaufuga mpaka ukawa kama zulia. Kila alfajiri nikitoka kwenda kuswali nakuta mbwa wa jirani ameniachia amana katikati. Juzi giza lilikuwa bado, nikakanyaga, na upindo wa kanzu ukagusa. Vijana wa mtaa wamenishauri nisage nyama niitie dawa ya panya, niiweke ukutani. Wasemaje? — Mwenye Ukoka, Tudor*

Wa aleikum salaam, babangu. Hiyo nyama itupe sasa hivi, halafu urudi tuzungumze.

Umeitupa? Vyema. Kenya ina Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, na kumlisha mnyama sumu kwa makusudi ni kosa. Hilo la sheria. La akili ni kwamba sumu haina macho. Utamtegea mbwa, atakula paka wa mpangaji wako. Paka akifa, kunguru watamshukia. Na kabla ya adhuhuri utakuwa na maiti tatu juu ya ukoka, na kila mtu mtaani anajua nani alikwenda dukani kununua dawa ya panya hali hana panya.

Sasa kanzu. Mimi ni bibi wa barazani, si mufti, lakini hili hata watoto wa chuoni wanalijua. Huku pwani wengi wetu tunafuata madhehebu ya Imam Shafii, na najisi ya mbwa kwetu huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa mchanga. Kikavu kikigusa kikavu hapana kilichohama. Kwa hiyo mbwa akipita karibu nawe mchana wa jua kali usikimbie kuvua nguo. Amana mbichi ya alfajiri ndiyo yenye kazi. Wafuasi wa Imam Malik wao humwona mbwa mzima kuwa ni tohara, ila mavi yake hata wao hawajapata kuyasifu. Ukitaka zaidi ya hapo muulize maalim wako, na akuhadithie pia habari ya yule aliyesamehewa madhambi kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu. Itakufaa wakati wa kusaga nyama.

Na maadamu tumetaja maji: huo ukoka waunywesha nini? Maji ya Mombasa yanatoka mbali, mengine huko Mzima Springs, safari ya zaidi ya kilomita 200 za bomba, na yakifika Tudor mara nyingi huwa yamechoka, mfereji unatoa upepo. Nina hakika wewe ndiye yule mwenye kuita bauza la maji ili nyasi zinywe, huku majirani wamepanga mitungi kungoja mkokoteni. Sisemi ni haramu. Nasema ukitafuta mtu wa kukuonea huruma mtaani, anza na nyumba za mbali.

Lakini kilichonishangaza zaidi hakihusu mbwa. Katika barua yako, ambayo hapa nimeifupisha, umenieleza umri wa ukoka, bei ya lori la udongo mwekundu, rangi ya amana na saa inapowekwa. Mahali ulipomwambia jirani yako sikupaona. Kutoka kwako hadi kwake ni hatua za kuhesabu kwa vidole. Barua yako imevuka kisiwa kunifuata mimi Mji wa Kale.

*Shikamoo Bibi. Mimi ni mfuga mbwa. Mbwa wangu amechanjwa, anaoga, ana mkufu wa ngozi. Jirani yangu ametandaza chupa za maji kwenye nyasi zake kama mtu anayefungua duka, na kila nikipita ananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyechuchumaa. Kwani mavi si mbolea? Wazungu wanafuga mbwa mamilioni na hawagombani. — Mpenda Wanyama, Tudor*

Marahaba, mwanangu. Umetoa hoja mbili kwa pumzi moja, na zote umezikosea.

Mbolea kwanza. Ng'ombe hula majani, akatoa majani yaliyosagika; ndiyo maana shamba hushukuru. Mbwa wako anakula nyama na mifupa. Kinachotoka kinanuka, hakiozi upesi, na mara nyingi kina mayai ya minyoo. Mayai hayo yakiingia ardhini hukaa miezi, hata miaka, yakimngoja mtoto achezaye chini atie kidole mdomoni. Iko pia safura ya mbwa, ambayo viluwiluwi vyake hupenya ngozi ya mguu usio na kiatu na kuchora njia nyekundu zenye mwasho. Mchanga wenye joto na unyevu ndio huvilea vizuri, na Mombasa baada ya masika ni joto na unyevu mtupu. Mkojo nao una naitrojeni nyingi kiasi cha kuunguza nyasi: duara la manjano katikati, ukingo wa kijani kibichi pembeni. Jirani yako akiona duara hilo hahitaji shahidi.

Chupa za maji zisikutishe. Wajapani huzitandaza nje ya nyumba zao kuwafukuza paka, na paka wa Japani wamezizoea. Mbwa wako akikosa adabu kidogo tu atainua mguu juu ya hiyo chupa.

Sasa Wazungu wasiogombana. Mwanangu, wamegombana mpaka wakatungiana sheria. Jiji la New York tangu 1978 linamtaka mwenye mbwa ainame mwenyewe aokote. Paris walijaribu kukwepa kuinama: mwaka 1982 wakaingiza barabarani pikipiki zenye mpira wa kufyonza mavi ya mbwa, na dereva wake amevaa sare. Wawazie bodaboda wetu wa Barabara ya Tom Mboya wakipewa kazi hiyo; wangechukua na abiria. Pikipiki zile zilikuwa ghali, zikiondoa sehemu ndogo tu ya mzigo, na baada ya miaka ishirini hivi zikaachwa.

Walionikosha roho ni watu wa Brunete, mji mdogo karibu na Madrid. Mwaka 2013 walituma wajitolea mitaani. Mtu akiacha uchafu wa mbwa wake, mjitolea humsogelea kwa bashasha: maashallah mbwa mzuri, anaitwaje? Mwenye mbwa anafurahi, anataja jina. Jina na aina ya mbwa vinatafutwa katika daftari la mji, anwani inapatikana, na baadaye mlango unabishwa. Ni mjumbe ana boksi lenye nembo ya mji: mali yako iliyopotea. Ndani yake ni ileile ya asubuhi.

Huku kwetu daftari hilo pia ni jambo la serikali, ukitaka kujua. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, inazipa kaunti kazi ya kudhibiti wanyama, na hapo hapo inataja leseni za mbwa. Mbwa wa Kenya ametajwa kwenye Katiba kwa jina lake. Mashangazi, mabibi na waandishi wa safu hatukutajwa.

Kwa hiyo utainama. Na hapa ndipo Mkenya anapopata mtihani ambao mtu wa New York hakuupata, maana tangu tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku, na adhabu yake ni faini ya shilingi milioni 2 hadi milioni 4, au kifungo kinachofika miaka minne. Usije ukashikwa na askari alfajiri mkononi una mavi ya mbwa ndani ya mfuko wa nailoni, ukashtakiwa kwa mfuko. Tumia koleo dogo na gazeti la jana. Kurasa za siasa hunyonya vizuri. Ukitumia ukurasa huu sitachukia, mradi uwe umeusoma.

*Bibi, mimi ni askari wa usiku, nalinda nyumba yenye mbwa. Tajiri wangu amenipa amri nimtoe mbwa saa kumi alfajiri nimpeleke popote, bora si kwetu. Popote penye nyasi hapa ni kwa mzee wa upande wa pili. Na mzee huyo kila nikimaliza zamu hunipa chai na mahamri, ananiuliza kama nimemwona mwenye mbwa. Chai hainishuki. — Wa Getini*

Baba, barua yako fupi imenifanya nikae kimya kuliko zote. Mwenye Ukoka analala, Mpenda Wanyama analala, na wewe uliye macho ndiye uliyebebeshwa mnyororo, mavi na siri.

Usiende kwa mzee kukiri peke yako. Ataona kosa ni la mkono ulioshika mnyororo. Mwambie tajiri wako akiwa anatoka asubuhi, kwa upole na mbele ya mke wake, kwamba mzee wa upande wa pili anauliza na wewe huwezi kumdanganya mtu mzima. Usimtishe, wala usitaje Katiba. Kisha muombe koleo. Tajiri anayeweza kumnunulia mbwa mkufu wa ngozi, koleo halitamshinda. Na ukishalipata, peleka mbwa chini kule kwenye mikoko ukiweza, ila uokote hata huko, maana maji ya bahari yakipwa na kujaa hukirudisha Tudor kila kilichotupwa Tudor.

Jambo moja si la mzaha. Mbwa huyo au mwingine akikung'ata, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano kamili, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo ukadungwe sindano za kichaa cha mbwa. Dalili zikianza, dawa hazisaidii tena. Chai ya mzee ngoja uinywe ukirudi.

*Bibi, niko kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Nimepiga picha za mavi siku tisa mfululizo, kila moja na saa yake. Nizitume zote pamoja au moja moja? — Shahidi*

Usizitume. Kundi hilo ndilo linalotangaza misiba, na mtu akifungua simu kutafuta maziko ni saa ngapi hastahili kukutana na maonyesho yako. Aliyeyaona mavi siku tisa bila kuchukua koleo asijiite shahidi.

*Bibi, sisi Mji wa Kale tunawaonea Tudor wivu. Hatuna nyasi wala hatuna mbwa, tuna paka. Yuko mmoja wa kijivu, mkia umekatika, kila usiku huja kujisaidia kwenye baraza yangu. Nimemfuata nimejua anakolala. Mwenyewe ni bibi fulani anayeandika magazetini. — Jirani wa Kichochoroni*

Ungekuja mlangoni ukaniambia, mwanangu. Baada ya laasiri nipo na kahawa ipo. Najisi ya paka huoshwa mara moja tu, haina saba, kwa hiyo punguza kelele. Wala paka huyo simjui. Mkia wake ulikatika kabla hajaja kwangu.