Wabebaji Wapo, Saruji Hakuna

Mtu wa Dar es Salaam hawezi kuziona ngazi, akaniona na mimi chini yake katika kiti mwendo changu, halafu akapita zake. Hata kama daladala inamwacha, atasimama, atakunja mikono ya shati na kuita wenzake: "Oya, njooni tumbebe dada!" Watatokea wanne. Wawili ni bodaboda, wa tatu ni muuza karanga, na wa nne ni yule ambaye hashiki chochote ila ndiye anayehesabu moja, mbili, tatu.

Miguu yangu ilistaafu mapema. Polio iliipitia kabla sijaanza shule, na tangu hapo nimebebwa na watu wa kila kabila, dini na timu. Nimekuwa mtaalamu. Najua kwamba wiki ya mechi ya watani wa jadi shabiki wa Simba na wa Yanga wasiwekwe upande mmoja, maana wataanza kubishana katikati ya ngazi na mimi niko hewani. Najua pia habari ya mikono ya kiti. Kiti changu kina mikono inayochomoka, ili niweze kuhamia kitandani au kwenye gari. Mbebaji halijui hilo. Anashika mkono wa kiti, anavuta kwa nguvu alizojaliwa, mkono unakwenda naye juu na mimi nabaki chini, naye anautazama kama mtu aliyeng'oa kitasa nyumba ya ukweni. "Shikeni fremu, huku chini!" napiga kelele. Lakini anayebebwa hana sauti katika shughuli ya kubebwa. Anaambiwa, "Usijali dada, tulia tu."

Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka kuwe na kamati zetu kuanzia ngazi ya mtaa na kijiji. Mimi ni katibu wa kamati ya mtaani kwetu. Siku moja ofisi fulani ya umma ikatualika kikao, ajenda kuu ikiwa majengo ya umma kufikika na watu wote. Ukumbi: ghorofa ya pili. Lifti ilikuwepo, nilionyeshwa kabisa, kwenye ramani ya jengo. Mjumbe wetu asiyeona alipanda mwenyewe kwa fimbo yake nyeupe, akafika wa kwanza na kuchagua kiti kilichopo chini ya feni. Mjumbe wetu kiziwi naye alipanda, ila mkalimani wa lugha ya alama hakutokea. Basi kwa nusu saa nzima tukawa tunakamilishana: yeye yupo ukumbini na haelewi kinachosemwa, mimi nasikia kila neno la kipaza sauti na sipo. Baadaye bodaboda wa nje wakanihurumia, wakahesabu tatu, nikapanda.

Tatizo lilikuwa jioni. Kumpandisha mtu ni sadaka, kumshusha ni kazi, na saa kumi na moja ofisi zinakuwa zimefungwa. Bodaboda wangu walikuwa wameshapata abiria. Mlinzi wa mchana alishampokeza zamu mlinzi wa usiku, mzee mwenye mgongo wake. Nikamwomba mjumbe mwenzangu ashushe kiti, mimi nikakusanya gauni langu la kitenge, nikateremka kwa makalio, kidato kimoja kimoja. Nyuma yangu alikuwa mgeni rasmi wa kikao. Ngazi zilikuwa nyembamba na mimi sikuwa na haraka, kwa hiyo hakuweza kunipita. Tukaanza kuzungumza. Mazungumzo marefu kiasi hicho kamati yetu haijawahi kupewa na mkubwa yeyote. Tulipofika ghorofa ya kwanza alikuwa amekubali kwamba vikao vyetu vihamie chini. Kwenye kona akakubali na rampu ya mlango mkuu. Lingekuwa jengo la ghorofa tano, naamini ningeondoka na lifti.

Msidhani basi kwamba kwenye makaratasi tumesahauliwa. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009. Sheria ile ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye watu ishirini au zaidi ahakikishe asilimia 3 yao ni sisi. Kazini kwangu tuko thelathini na kitu, kwa hiyo asilimia 3 ni mimi mwenyewe. Nikiumwa mafua, bosi ana kesi. Halafu kuna ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mpenzi wa mpira ataujua mara moja mfumo huo wa 4-4-2. Sisi ndio washambuliaji wawili wa mbele. Pasi ndiyo huchelewa.

Rampu ilijengwa kweli. Nilimwandikia fundi vipimo: kwa kila sentimita moja ya kwenda juu, sentimita kumi na mbili za kwenda mbele. Mlango ule uko juu kwa sentimita 60, kwa hiyo rampu iwe na urefu wa mita 7.2. Fundi aliisoma karatasi, akaangalia uwanja, akaisoma tena.

"Dada, mita saba zinafika kwa mama lishe."

"Basi zifike."

"Ngoja nitakubana kidogo."

Alinibana hadi mita mbili, akamalizia kwa vigae vinavyong'aa, maana mgeni rasmi alitaka kitu kizuri cha kukatia utepe. Kuipanda kulihitaji watu wawili wa kusukuma na mmoja wa kuomba dua, yaani walewale wa siku zote. Kuishuka sikuhitaji mtu. Nilipoachia tu breki nilikwenda mwenyewe mpaka kwa mama lishe, mita saba na ushee, vipimo vyangu havikukosea hata kidogo. Mama lishe alinipokea na mwiko mkononi, akauliza, "Wali maharage au ugali?"

Siku hizi rampu hiyo ina pikipiki tatu zimeegeshwa. Wenye pikipiki ni walewale wanaonibeba, kwa hiyo siwezi kuwasema sana.

Ukweli ni kwamba hakuna anayeuliza. Fundi hakuuliza, mbebaji haulizi, na mhudumu wa mgahawa ndiye bingwa wao. Juzi nilimpeleka mtoto wa kaka yangu kunywa chai. Yuko darasa la tatu. Mhudumu akaja, akanitazama kwa huruma, akainama kwa mtoto: "Huyu anakula nini?"

Mtoto hakubabaika hata kidogo. "Shangazi anataka chai ya maziwa na maandazi mawili. Pilipili hapendi. Halafu amesema mimi nipewe chipsi mayai, na soda baridi, na aisikrimu."

Mhudumu akaandika yote. Nilipofungua mdomo akaniwahi, "Pole, mama, inakuja." Ikaja. Bili nayo ikaja, moja kwa moja kwangu, bila mkalimani. Tangu siku hiyo mtoto yule amejitolea kunisindikiza popote penye meza na viti, na baba yake anamsifu kwa moyo wa kusaidia.

Ndiyo maana, na mtanisamehe, nawapenda makonda. Mwendokasi ni mzuri, tangu uanze mwaka 2016 naingia kwa magurudumu yangu, kwa kuwa sakafu ya kituo na ya basi ziko sawa. Lakini mwendokasi haufiki kila mahali, na zipo siku ambazo lazima nijivute ndani ya daladala huku kiti kimekunjwa mlangoni. Madereva wengi wakikiona kiti kwa mbali hukanyaga mafuta. Siku moja mmoja wao alisimama. Tulipoondoka tu, konda akaanza.

"Dada, na huo mzigo unalipa."

"Mzigo gani?"

"Hilo lidude. Linakula nafasi ya abiria wawili."

"Kama linalipa ya abiria wawili, litafutie siti likae."

Basi zima likacheka. Mzee mmoja nyuma akashauri lipewe ya dirishani. Konda hakucheka. Alinikazia macho mimi, wala hakumtafuta wa kumuuliza habari zangu.

"We dada una mdomo. Toa nusu nauli ya kiti."

"Robo."

"Nusu, ama nakushusha hapahapa."

"Nishushe. Utanibeba peke yako?"

Akanitazama kuanzia kichwani, akakitazama na kiti, akapiga hesabu ya kilo.

"Lete hiyo robo."

Nikalipa. Kituo changu akakipitiliza, mimi na wengine watatu, tukashukia cha mbele huku tukimtukana kwa sauti moja.