Gari Linaongea Kijapani, Mwenyewe Anataka Besi

Toyota IST inayoshushwa bandarini Dar es Salaam huja na muziki wake: redio moja katikati ya dashibodi, spika milangoni, na mara nyingi mwanamke asiyeonekana ambaye kila gari likiwashwa husema jambo kwa Kijapani. Mwenye gari huishi naye miezi bila kujua anasema nini. Wapo wanaodhani anakaribisha abiria, wapo wanaodhani anaomba dua ya safari. Kumbe analalamika: kadi ya ETC, ya kulipia barabara za kasi za Japani, haijachomekwa. Atalalamika hivyo hivyo Tabata, Kimara na Mbagala, ambako hakuna atakayemchomekea. Isitoshe, sauti yake aghalabu haitoki kwenye redio bali kwenye kijisanduku cha ETC chenyewe, kwa hiyo mtu anaweza kununua redio mpya ya laki kadhaa na kesho yake asubuhi akalalamikiwa kama kawaida.

Shida kubwa zaidi ni masafa. Redio za FM za Japani zilitengenezwa kushika megahezi 76 hadi 90, na za miaka ya karibuni hadi 95, ilhali stesheni za Afrika Mashariki ziko kati ya 87.5 na 108. Redio hiyo ikifika Dar hushika stesheni chache za chini na kuziacha nyingine zipite juu ya paa. Dawa ya haraka ni kijikopo kinachouzwa Kariakoo, kinachochomekwa kwenye waya wa antena na kushusha masafa, mara nyingi kwa megahezi 20. Stesheni ya 100.3 basi husomeka 80.3, na dereva hujikuta anapiga hesabu za kutoa katikati ya foleni ya Ubungo. Kijikopo kikiwa cha bei poa, huongeza na mkwaruzo ambao haukuwapo.

Kisha huja siku ya betri. Redio nyingi za Kijapani zenye ramani hutegemea kadi ndogo ya kumbukumbu. Fundi akichomoa terminali ya betri ili abadilishe kitu kisichohusiana kabisa na muziki, redio hujifunga na kuidai kadi hiyo. Kadi ama ilibaki Japani, ama ilishachomolewa na mtu aliyeona gigabaiti zinakaa bure. Kuanzia hapo gari lina kioo kizuri chenye maandishi ya Kijapani na ukimya kamili, na mwenye gari huanza kuulizia bei za kufunga muziki.

Wazo hilo likishazaliwa halilelewi. Huchukuliwa moja kwa moja hadi dukani, na dukani macho huenda kwenye sabufa, kwa sababu ndiyo kubwa kuliko vyote na ina taa za bluu. Hapo ndipo mipango mingi inapoharibika, kabla hata shilingi haijatoka mfukoni. Sabufa hufanya kazi yake chini ya hezi 80 hadi 100. Sauti ya mwimbaji, gitaa, fidla na kanuni ya taarabu karibu zote ziko juu ya hapo, na hizo hutoka kwenye milango ya mbele. Anayemalizia pesa zote kwenye buti amenunua ile sehemu ya wimbo isiyo na maneno. Nganya, yaani matatu za Nairobi zenye madoido, zina hoja yake, maana muziki wao unamlenga abiria aliye nje, kituoni, ambaye bado hajaamua apande ipi. Dereva wa IST anayekwenda kazini hana abiria wa kuita, ingawa wapo wanaoendesha kana kwamba wanao.

Redio mpya ndiyo hatua ya kwanza yenye maana, na ajali yake ya kwanza ni ya milimita. Kipimo kinachotumika duniani kwa redio kubwa ni upana wa milimita 178 kwa kimo cha 100. Tundu la Toyota za Japani lina upana wa 200. Redio ikikaa, hubaki pengo la sentimita moja kila upande, na humo hutumbukia sarafu, risiti za mafuta na kila kitu chembamba kilichowahi kuwekwa kwenye dashibodi. Fremu za kuziba pengo hilo zipo na si ghali, ila hupangiwa kununuliwa siku nyingine, na siku hiyo haina tarehe.

Nyuma ya redio kuna plagi mbili za Toyota, moja ya pini 10 na nyingine ya pini 6. Kuna waya za kuunganishia zinazochomekwa humo bila kukata chochote. Fundi mwenye haraka haziulizii. Huzikata plagi kwa koleo, humenya waya kwa meno, husokota na kuzungushia tepu nyeusi, kazi ya dakika kumi inayopendeza kuitazama. Gari likishashinda juani Posta kwa wiki mbili tatu, gundi ya tepu huyeyuka na waya hujifungua wenyewe. Na kama waya wa njano, ambao hupaswa kupata umeme muda wote, ulibadilishwa nafasi na mwekundu unaofuata ufunguo, redio husahau kila kitu gari linapozimwa: saa, stesheni, hata simu ya mwenye gari ambayo jana iliitambua.

Sehemu inayohitaji tahadhari kuliko zote ni wati, kwa maana kwenye maboksi ya vifaa vya muziki namba hazina aibu. Redio huandikwa wati 50 mara 4. Injini ikiwa inaunguruma, umeme wa gari ni kama voti 14.4, na voti hizo kwenye spika ya omu 4 haziwezi kutoa zaidi ya wati 26 za muziki safi. Halisi huwa 15 hadi 22. Hizo 50 hupatikana tu redio inapolazimishwa mpaka mawimbi ya sauti yanakatwa vichwa na kuwa miraba, yaani pale mwimbaji anapogeuka honi. Namba inayostahili kusomwa ni ya RMS, yaani wati za mfululizo, ambayo huandikwa kwa herufi ndogo, ikiwa imeandikwa.

Kwa amplifaya kuna kipimo kisichohitaji elimu ya umeme: kutazama fyuzi. Boksi linatangaza wati 3000, lakini ubavuni amplifaya imechomekwa fyuzi ya ampea 30. Ampea 30 kwa voti 14 ni wati 420 zinazoingia, na kinachotoka hakiwezi kuzidi kilichoingia. Tena zile za daraja la AB hupoteza karibu nusu kwa joto, ingawa za daraja D hupoteza kidogo. Kama wati 3000 zingetoka humo kweli, TANESCO wangeshaichukua na kuiunga kwenye Gridi ya Taifa.

Hata wati za kweli hazina uchawi unaotarajiwa. Kuzidisha wati mara mbili huongeza desibeli 3 tu, na ili sikio liseme sauti imekuwa kubwa maradufu hutakiwa wati zipatazo mara kumi. Spika yenye usikivu wa desibeli 90 badala ya 87 humpa mnunuzi faida ile ile ya kuzidisha amplifaya mara mbili, bila waya wa ziada wala moto wa ziada. Namba hiyo iko nyuma ya boksi na muuzaji haitaji.

Spika zikishapatikana, mlango hufunguliwa, na hapa ucheshi wa kazi hii hukolea. Mlango wa gari ni bati jembamba lenye matundu makubwa kwa ndani. Spika nzuri ikifungwa juu yake bila maandalizi, sauti ya nyuma ya koni hupita kwenye matundu, hukutana na ya mbele, na besi zote mbili huuana. Bati nalo hushiriki kuimba. Maandalizi yake ni kuziba matundu na kubandika karatasi za mpira wa butili zenye uso wa aluminiamu. Kiasi cha robo ya eneo la bati hutosha kuzima mtetemo. Kwa kuwa karatasi hizo zina bei, wapo wanaojaza mlango vipande vya godoro. Godoro hufanya kazi vizuri sana mpaka masika. Maji ya mvua hupita ndani ya kila mlango wa gari na kutokea chini, ndivyo ulivyoundwa. Godoro huyanywa, huyatunza, na kufikia Mei gari lina harufu ya nguo zilizosahaulika kwenye beseni.

Maji hayo hayo ndiyo sababu ya ile nailoni iliyobandikwa nyuma ya jopo la mlango, ambayo fundi huichana kwa bisu moja na kuitupa akiamini ni vifungashio vilivyosahauliwa kiwandani. Matokeo yake hayaonekani siku hiyo. Huonekana miezi baadaye, abiria wa mbele anapokanyaga zulia na viatu vyake kuloa.

Kina cha spika nacho hupimwa kabla ya kununua. Spika ya inchi 6.5 yenye sumaku nene huingia kwenye tundu bila ubishi, muziki hulia, watu hupeana mikono. Gari hufika kwenye geti lenye mlinzi, dereva hubonyeza swichi ya dirisha, na kioo hushuka nusu kikagota kwenye sumaku. Mazungumzo na mlinzi hufanyika kupitia upenyo huo. Dawa yake ni pete ya mbao au plastiki inayoisogeza spika mbele kwa sentimita moja au mbili, na pete hiyo huwa imebaki dukani pamoja na ile fremu.

Kosa jingine halionekani kwa macho hata kidogo: spika ya kushoto ikiwa na chanya na hasi zilizopishana na za kulia, koni moja inasukuma wakati nyingine inavuta, na besi hutoweka katikati ya gari. Mwenye gari huongeza sauti, kisha huongeza sabufa. Kumbe betri ya saa ya ukutani, ya voti 1.5, ingetosha kutoa hukumu: ikiguswa kwenye waya, chanya kwa chanya, koni huruka mbele, kinyume chake hurudi nyuma.

Nyaya za amplifaya zina tabia zake. Waya mnene wa bei rahisi mara nyingi ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Ukikwanguliwa kwa kisu weupe hutokea. Hupitisha umeme kidogo kuliko shaba yenyewe, kwa hiyo hutakiwa mnene zaidi. Fyuzi kuu hukaa karibu na betri, isizidi nusu mita, kwa kuwa kazi yake ni kuulinda waya wote unaopita chini ya mazulia hadi buti. Ikiwekwa buti huilinda amplifaya na kuuacha waya ujitegemee. Waya wa ethi hufungwa kwenye bati lililokwanguliwa rangi. Ukifungwa juu ya rangi, au nyaya za muziki zikilazwa pamoja na ule wa umeme, spika hupiga mluzi unaopanda na kushuka na mwendo wa injini. Abiria wageni hudhani gari lina tabo.

Halafu kuna waya mwembamba wa kuiamsha amplifaya, ambao unapaswa kutoka kwenye redio. Ukiungwa kwenye umeme wa kudumu, amplifaya hukesha usiku kucha kwa gharama ya betri. Asubuhi majirani huitwa kusukuma, na husukuma kwa moyo wote mpaka mmoja akumbuke kwamba gari ni otomatiki. Hapo huanza msako wa waya za kushtulia betri.

Sabufa sasa inaweza kufungwa, ikiwa fedha imebaki. Moja ya inchi 10 kwenye boksi lililozibwa inalitosha gari dogo, na ikianza kulia kibao cha namba nyuma huanza kupiga njuga mpaka kiwekewe mpira.

Kurekebisha sauti huchukua nusu siku kwa anayejali na sekunde kumi kwa asiyejali. Dereva wa Tanzania amekaa ubavuni mwa spika ya kulia. Sauti husafiri kama sentimita 34 kwa milisekunde, kwa hiyo ya kulia humfikia kwanza na mwimbaji huonekana ameketi kwenye kishikio cha mlango. Redio zenye mpangilio wa ucheleweshaji humrudisha katikati ya dashibodi. Fundi wa sekunde kumi hupandisha besi, hupandisha twita na kushusha yote ya katikati, ambako ndiko mwimbaji anakoishi.

Jaribio hufanywa kwa wimbo ambao mwenye gari anaujua kwa miaka, wenye vyombo vya kupigwa kwa mkono, mathalani dansi la zamani, ili isikike kama gitaa la besi na ngoma ni vitu viwili. Nyimbo 500 kwenye flashi zilizopakuliwa kwa kilobiti 128 hazifai kwa kazi hiyo, na kuzibadilisha ziwe 320 hunenepesha faili tu, kilichokatwa hakirudi. Baada ya wiki kadhaa za barabara mbovu, skrubu za terminali hukazwa upya, na fundi huombwa kwa upole arudishe klipu nne za jopo la mlango alizoondoka nazo mfukoni.