Wateja Wetu Hawana Doa

Kwa Kamati za Udahili,
Shule za Uzamili, Uzamivu na Utabibu,
Marekani.

Waheshimiwa,

KUH: SHUKRANI KWA SWALI LENU LA NIDHAMU

Sisi ni waandishi wa insha za kulipiwa, Nairobi. Hamtujui kwa majina, ila kazi zetu mmezisoma sana na nyingine mmezipa alama A. Tunawaandikia kuwapongeza kwa kale kaswali ka kwenye fomu ya maombi: je, umewahi kupatikana na hatia ya udanganyifu wa kitaaluma? Ni kaswali kazuri mno. Hakajatupotezea mteja hata mmoja.

Tazameni ustadi wake. Hakamuulizi mtu kama alidanganya. Kanauliza kama alikamatwa. Kijana aliyesahau alama za kunukuu kwenye aya moja akiwa mwaka wa kwanza, akaitwa mbele ya kamati, akakiri na kuadhibiwa, atajibu Ndiyo. Mteja wetu, ambaye tangu aingie chuoni amejiandikia jina lake tu, atajibu Hapana, na hatakuwa amesema uongo. Wahenga walisema siku za mwizi ni arobaini. Hawakuwahi kukutana na mwizi anayelipa mapema kwa kadi ya benki.

Shule za utabibu ndizo zinazotuvutia zaidi. Fomu yao ya pamoja, AMCAS, humtaka mwombaji ataje adhabu aliyowahi kupewa na chuo hata kama imefutwa kwenye hati ya matokeo. Kisha hupewa herufi 1,325 za kujieleza, nafasi zikihesabiwa. Toba haitakiwi kufika ukurasa mzima. Chuo Kikuu cha Maryland walau kina huruma: anayefelishwa kwa udanganyifu huandikiwa XF, na akishahudhuria semina ya uadilifu aweza kuomba ile X iondolewe. Chuo kinasamehe, fomu inakumbuka.

Tunawapongeza pia kwa mashine zinazonusa maandishi ya akili mnemba. Mwaka 2023 watafiti wa Stanford walipima programu saba za aina hiyo kwa insha za TOEFL, mtihani wa Kiingereza kwa wasiokizungumza kama lugha mama, zilizoandikwa na binadamu. Kwa wastani, zaidi ya nusu ya insha hizo zilisingiziwa kuwa za mashine. Agosti mwaka huohuo, Chuo Kikuu cha Vanderbilt kilizima kigunduzi cha akili mnemba cha kampuni ya Turnitin baada ya kupiga hesabu: chuo kilikuwa kimeiwasilishia Turnitin kazi 75,000 mwaka 2022, na kosa la asilimia 1 tu lingetosha kuzichafua kazi 750 zisizo na hatia.

Basi binti wa Eldoret anayesoma huko kwenu, anayeandika Kiingereza cha maneno mepesi na sentensi zilizonyooka kama alivyofundishwa, aweza kushtakiwa kwa unyoofu huo. Aliyenunua kwetu hana wasiwasi. Sisi huzipinda sentensi na kutia makosa mawili matatu ili insha ifanane na mwenyewe. Huduma hiyo hatuitozi.

Msidhani twadai haki sawa. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2022 iliifanya biashara ya kuwauzia wanafunzi insha kuwa kosa la jinai kule England. Muuzaji ana kesi ya kujibu mahakamani; mnunuzi ameachiwa chuo chake, ambacho lazima kwanza kimshuku. Nasi twajua kazi zetu hazishukiwi.

Kwa heshima, tuna mapendekezo matatu.

Kwanza, ongezeni swali: je, umewahi kudanganya usikamatwe? Mwombaji aambatishe risiti.

Pili, barua za mapendekezo tuandike sisi. Profesa anadhani anajua jinsi mwombaji anavyoandika. Sisi tunajua kwamba haandiki.

Tatu, aliyejibu Ndiyo aulizwe alifanya nini, alikuwa na umri gani, alishtakiwa kwa ushahidi upi na amefanya nini tangu hapo, kabla faili lake halijawekwa kando. Na aliyejibu Hapana aitwe, aketi dakika kumi, aeleze kwa mdomo kilichomo kwenye insha yake mwenyewe. Hili la tatu mwaweza kulipuuza. Litawagharimu muda, na sisi litatugharimu riziki.

Wenu mwaminifu, kadiri fomu inavyopima uaminifu,

Mwandishi wa insha za watu,
Nairobi.

Tanbihi: Yale maelezo binafsi yaliyowatoa machozi msimu uliopita, ya mwombaji aliyefunzwa uadilifu na nyanya yake shambani, tunashukuru kwa kuyapokea. Mwombaji ni wenu sasa. Nyanya ni wangu, na yuko Murang'a.