Okestra Kabatini

Gabriel Yared, mzaliwa wa Lebanoni aliyekwisha kutwaa tuzo ya Oscar, alitumia takriban mwaka mzima kutunga muziki wa filamu ya vita ya Troy. Okestra nzima ikarekodi London, na sauti za waimbaji wa Kibulgaria zikaongezwa. Machi 2004 filamu ikajaribiwa mbele ya watazamaji wa Marekani. Wakasema muziki umepitiliza, tena wa kizamani! Studio ikaufungia kabatini, ikamwita James Horner atunge mwingine kwa wiki chache tu, na Mei filamu ikaingia kumbini.

Pole, bwana Yared. Lakini hebu tuambizane ukweli: huku kwetu Mtawanya, muziki wako ungepona?

Kwenye vibanda umiza, yaani vibanda vya kuonyeshea video, vya huku Kibiti, picha isiyotafsiriwa ni picha mbovu. Mkalimani, kwa mtindo uliompa mkalimani wa filamu Lufufu umaarufu, hamwachii mpiga fidla hata nukta. Steringi akichomoa upanga, mkalimani anasimulia, anatania, anamsuta adui, na kama ana haraka anakutajia kabisa nani atakufa. Nje jenereta linanguruma. Majina ya watunzi yakianza kupanda, mwenye kibanda ameshachomoa flashi, watu wanasubiri Simba na Yanga.

Kwa hiyo Horner, aliyedhani ameshinda, huku hajasikika hata mara moja. Yeye na Yared wametoka sare tasa. Mshindi ni mkalimani, ambaye hutaja jina lake katikati ya vita ili pasiwe na ubishi.