Kokoto za Ndezi

Msimu wa korosho ulikuwa umepamba moto Newala pale Ndezi alipohukumiwa miaka 3 kwa gunia moja la Nguruwe. Hakimu Korongo alisoma hukumu chini ya mkorosho, upepo wa bonde la Ruvuma ukimpokonya maneno. Mwishoni akasema, "Haki ya rufaa imeelezwa." Kabla Ndezi hajauliza imeelezwa lini, alikwisha kuteremshwa hadi kizimba cha Masasi, chini ya yale majabali.

Humo alimkuta Kobe, mfungwa wa siku nyingi.

"Mjukuu wangu, umetoa kusudio?"

"Kusudio gani, babu?"

"La kukata rufaa. Una siku 10 tangu hukumu kusema kwamba unakusudia. Una siku 45, tangu hukumu hiyo hiyo, kupeleka sababu zako. Siku za kungojea nakala ya hukumu na mwenendo wa kesi hazihesabiwi. Mimi nililijua hilo mwaka wa pili."

Haya Kobe hakuyatunga. Ndivyo isemavyo Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya Tanzania kwa rufaa itokayo mahakama ya wilaya kwenda Mahakama Kuu. Tena inamruhusu mfungwa kumkabidhi mkuu wa gereza rufaa yake, naye aifikishe. Ni sheria yenye huruma, na huruma yake naiamini. Kinachoniuma ni kwamba mfungwa hawezi kuifuata karatasi yake akaone imefika wapi.

Siku ya 3 Ndezi akatia dole gumba. Fisi, mlinzi wa lango, akaipokea karatasi, akaiweka kabatini chini ya daftari la chakula. Tangu siku hiyo, kila kulipokucha Ndezi aliokota kokoto moja akaitia kwenye kifuu. Kifuu kikajaa, akatafuta kingine.

Mikorosho ilipochanua tena, jibu likaja kutoka Mtwara: hakuna kusudio lililopokelewa, na muda umepita.

"Upo mlango mmoja," Kobe akamwambia. "Omba kuongezewa muda. Mwenye sababu ya msingi husikilizwa."

Jaji Simba wa Mtwara alimsikiliza kweli. "Aliyechelewa," akasema, "hueleza kila siku aliyochelewa, hata iwe moja."

Ndezi akamwaga kokoto sakafuni, akaanza kuziokota.

"Hii, niliuliza langoni. Hii, niliuliza langoni. Hii nilikuwa na homa, Babu Kobe akaniulizia. Hii, niliuliza langoni."

Alasiri ikaingia, rundo bado kubwa. Simba akamwashiria anyamaze. Akataka kujua kokoto za mwenye lango ziko wapi.

Fisi akaitwa. Akaja na karatasi yenye alama ya dole gumba na duara la kikombe cha chai. Kokoto hakuwa nayo hata moja.